Afrihili: sarufi nzuri, lakini kwa masikio ya nani?

Siku zile tulikuwa tunabishana mu kikundi chetu juu ya lugha ambayo Afrika yote ingechukua. Wengi walisema Kiswahili, juu Umoja wa Afrika ulikikubali kama lugha ya kazi mwaka wa 2022, na mwaka ule ule Kongo yetu ikaingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwenzetu mmoja akakataa. Akaandika: «Kiswahili kina wenyewe. Tuchukue Afrihili, ile haina mwenyewe, hakuna mtu atamucheka mwingine.» Watu wakauliza: Afrihili njo nini tena? Nikaenda kuisoma. Nawaletea hapa kile nilichokuta, kizuri na kibaya.

Afrihili ni lugha ya kutungwa. Mtungaji wake ni K. A. Kumi Attobrah, mtu wa Ghana. Wazo lilimwingia mwaka wa 1967, akiwa ndani ya meli kati ya Dover na Calais, na lugha yenyewe ikatoka mwaka wa 1970. Alitaka Waafrika waelewane, biashara ipite vizuri, na gharama ya kutafsiri na kuchapa vitabu ipungue. Alichukua maneno na sarufi ku lugha nyingi za Afrika, zaidi Kiswahili na Akan, lugha yake ya nyumbani. Hata jina lenyewe ni Afrika na Kiswahili vilivyounganishwa.

Nianze na sifa, juu anastahili. Esperanto, ambayo Zamenhof aliitoa mwaka wa 1887, ilichukua karibu maneno yake yote Ulaya. Attobrah alisema apana, mizizi itoke hapa kwetu. Tena mtu wa Butembo akiisoma Afrihili anaweza kujisikia nyumbani kidogo. Majina yake yanaanza na vokali na yanamalizika na vokali. Lugha wanaiita oluga. Meli ni emeli. Sisi tunaosema Kinande tumezoea hivyo tangu tumboni: omundu, omuti, ekihugho. Mu Kinande jina bila vokali ya mbele linasikilika kama mtu aliyetoka nje bila viatu.

Sauti pia alizifikiri vizuri. Afrihili ina vokali saba: zile tano za Kiswahili, halafu akaongeza ɛ na ɔ, kama zinavyoandikwa mu lugha za Ghana. Ndugu zetu wa Lingala wanazijua hizo sauti. Kinande pia ina vokali saba, lakini tazama vile mambo yanachanganyika: zetu mbili za ziada haziko upande wa e na o, ziko upande wa i na u. Tuna i ya kawaida na i ya kubana sana, u ya kawaida na u ya kubana sana. Mfano wake mimi kama agronomu unanichekesha na unanitisha. Andika erilima. Ukiisoma na i ya kawaida, ni kulima. Ukiibana ile i ya mzizi, na ile ya mbele inaifuata inabana nayo, neno linakuwa kuangamiza. Ku karatasi ni kitu kimoja. Ku sikio la bibi yangu ni mambo mawili ambayo hayawezi kukutana shambani! Walimu wetu Kambale Kavutirwaki na Ngessimo Mutaka walitumia miaka mingi kuandika kamusi na sarufi ya hii lugha, na mfano kama huu unaonyesha sababu.

Sasa tufike ku kasoro. Mu Afrihili, wingi wa jina unafanywa na vokali ya kwanza: unaitoa, unaweka ile ya mwisho wa neno. Oluga, lugha moja. Aluga, lugha nyingi. Emeli, meli moja; imeli, meli nyingi. Ku karatasi ni safi sana, mtu anajifunza kwa dakika mbili. Lakini lugha haiishi ku karatasi. Simama ku soko ya Butembo siku ya mvua, pikipiki zinapiga makelele, mwambie mtu akuletee emeli au imeli, uone kama atajua unataka moja au kumi. Attobrah aliweka mzigo wote ku sauti moja ndogo, tena mwanzoni mwa neno, pahali ambapo msikilizaji bado anageuza kichwa.

Tazama Kiswahili sanifu kinavyofanya. «Mti huu mkubwa umeanguka.» «Miti hii mikubwa imeanguka.» Wingi umesemwa mara nne. Ukikosa ya kwanza kwa sababu ya upepo, ya pili itakufikia, na ya tatu, na ya nne. Kinande nayo haibadilishi vokali ya mbele peke yake: omundu inakuwa abandu, omuti inakuwa emiti, silabi nzima nyuma ya vokali inageuka pamoja nayo. Wageni wanasema ngeli zetu ni mzigo wa bure, kurudia rudia. Mimi naona ni kama mkulima anayetia mbegu tatu mu shimo moja. Anajua si zote zitaota.

Najua mtaniuliza: «Na sisi, Kiswahili yetu ya hapa? Si tunasema miti kubwa, bintu mingi iko pale, bila kufuata ngeli?» Ni kweli kabisa, na ni swali linalonibana. Tuliacha sehemu kubwa ya ule upatanisho na tunaendelea kuelewana. Lakini angalieni kile tulichobakisha. Mtu na batu hatukuviacha. Kitu na bintu hatukuviacha. Pahali wingi unaweza kupotea, tunaongeza neno: mingi, yote, mbili. Hakuna mtu mmoja aliyekaa ku meza akaamua hivyo. Ni wamama wa soko, madereva, askari, wanafunzi, wachimbaji. Waliacha kile ambacho hakikuwasaidia na wakabakisha kile ambacho bila hicho hesabu ya pesa haitoki. Sarufi yetu ilipita mu mtihani kila siku. Ya Afrihili haikupata hata darasa la kufanyia mtihani. Njo kasoro yake ya kweli kwangu. Akili ya Attobrah haikuwa ndogo. Alikosa mtu wa kumwambia: «Sijasikia vizuri, rudia.»

Kwa nini mtu wa migomba na kahawa anasumbuka na haya? Juu na mimi nilishatunga Afrihili yangu. Nilipomaliza lisansi, niliandika karatasi ya kufundisha wakulima wa upande wa Beni juu ya mnyauko wa migomba, ule ugonjwa wa bakteria ulioonekana Masisi mwaka wa 2001 na ukasambaa kwetu. Dawa moja ni kuvunja ile sehemu ya maua ya kiume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, ili wadudu wasibebe ugonjwa ku ua. Mimi, kwa kutaka Kiswahili kizuri cha vitabu, niliandika: ondoa chipukizi la maua. Nilifurahia sana ile sentensi. Mama mmoja akasoma chipukizi, akang'oa machipukizi yote ya shamba lake, yale mazuri aliyotaka kupanda. Nilipofika hakunitukana. Aliniuliza tu: «Mutoto yangu, hii Kiswahili uliitoa wapi?»

Sikuwa na jibu. Na hapa kwetu swali lile si la migomba tu. Wakati wa Ebola, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa, wengi hapa Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Mnakumbuka matangazo ya mwanzo, ya Kifaransa, ao ya Kiswahili ambayo bibi zetu walisema ni ya redio ya mbali. Translators without Borders walichunguza jambo la lugha wakati ule, na walichosema mama yeyote wa soko angewaambia: watu wanahitaji kuelezwa kwa lugha yao, kwa maneno wanayotumia wenyewe. Mtu akiogopa, neno asilolijua linakuwa neno la adui.

Basi kwa mwenzetu aliyeleta Afrihili, namshukuru, juu alinifanya nisome. Lakini sababu yake, kwamba haina mwenyewe, njo sababu yangu ya kuikataa. Lugha isiyo na mwenyewe haina mtu wa kukusahihisha. Kiswahili kina wenyewe wengi, na sisi wa Butembo na Beni ni wamoja wao, hata kama wa Dar es Salaam watatucheka kidogo. Kinande nacho kiko na wenyewe, na bibi wa kijijini anakijua kuliko sisi wenye diploma.

Ile karatasi yangu niliiandika upya. Safari hii niliketi na yule mama chini ya mgomba, nikamwonyesha kwa kidole, nikamuuliza angemwambiaje jirani yake. Akasema: «Ile kitu nyekundu inaning'inia chini ya mukungu.» Niliandika hivyo hivyo. Ni maneno mengi kuliko yangu. Lakini nilipowasomea majirani zake, kila mtu aliinua kichwa akaangalia pahali panapotakiwa.