Ugomvi wa Taa Usiku

Safari ya kutoka Lubumbashi kuja kwetu Likasi ni ya kilometa 120 hivi. Mchana msafiri huhesabu taabu za kawaida: malori marefu yaliyobeba shaba na kobalti kutoka Kolwezi, vumbi la kiangazi, mashimo ya wakati wa mvua. Lakini jua likiisha kutua, huja taabu nyingine inayozipita hizo, nayo ni taa za motokari tunazokutana nazo. Kila dereva wa huku atakueleza habari hiyo, tena kwa hasira. Leo nataka tuyapime maneno yao, tuone wapi wana haki na wapi wanakosa.

Nitaanza na jambo nililoliona mwenyewe. Kiangazi kilichopita nilipanda motokari ya abiria, nikakaa mbele karibu na dereva, mtu mzima aliyeizoea njia ile kwa miaka mingi. Tulipokuwa tukilikaribia daraja la Lufira, likatokea lori mbele yetu, taa zake zikiwaka kwa nguvu zote. Dereva wetu akashusha taa zake, kisha akazipandisha na kuzishusha mara mbili, kama ilivyo desturi ya kumwomba mwenzako naye ashushe. Lori halikushusha. Ndipo aliponiambia, “Mwalimu, huyu hana adabu, acha nimlipe.” Akazipandisha taa zake, akaziacha hivyo hivyo. Tukawa kama watu wawili wanaotupiana mchanga machoni.

Lori likapita kwa kishindo, na giza lililofuata lilikuwa zito kuliko lile la kwanza. Nilikuwa bado napepesa macho dereva alipopiga ukelele na kuukata usukani. Ukingoni mwa njia alikuwapo mtu anasukuma baisikeli yenye magunia ya makala. Hakuwa na taa wala kitu cheupe mwilini. Tulimpita kwa nafasi isiyozidi urefu wa mkono. Dereva hakusema neno mpaka tulipoingia Likasi. Kisha akasema taratibu, “Mwalimu, sikumwona kabisa.”

Tangu usiku ule nimeyafikiri sana maneno hayo.

*1. Haki ya madereva*

Kwanza tuseme kweli: wanaonung'unika hawanung'uniki bure. Jicho la mtu gizani hufungua mboni yake lipate mwanga kidogo uliopo. Likipigwa ghafula na mwanga mkali, mboni hujikaza, na mwanga ukiisha kupita, jicho huhitaji sekunde kadhaa kabla ya kuona tena gizani. Kwa wazee sekunde hizo huzidi. Basi motokari iendayo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde moja. Kama dereva amekuwa kipofu kwa sekunde tatu tu, amekwenda mita 66 bila kuona, yaani zaidi ya nusu ya kiwanja cha mpira. Ni nani angekubali kufumba macho kwa makusudi na kwenda hivyo?

Tena makosa ni ya namna nyingi. Wako waendao na taa ndefu hata wakiwa nyuma yako, mwanga wote ukaingia katika kioo chako cha kutazamia nyuma. Wako wenye taa moja tu, nawe wadhani ni pikipiki, kumbe ni lori zima. Wako waliotoa globu ya zamani wakatia globu mpya nyeupe kali ndani ya taa ambayo haikutengenezwa kwa globu hiyo, mwanga ukatawanyika kila upande. Wako waliopakia mizigo mno nyuma, pua ya motokari ikainuka, na taa fupi nayo ikatazama juu kama taa ndefu. Huyo wa mwisho ukimwashia taa kumwomba ashushe, hukasirika, maana yeye amekwisha kushusha.

*2. Sheria yasemaje?*

Wengine husema kosa ni la sheria, kwamba sheria haijulikani. Mimi nimeitazama, nikaona ni nzuri kuliko tunavyodhani. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani, ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1977, yameweka jambo hili wazi. Na sheria yetu wenyewe ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Mapatano hayo hukataza taa ndefu unapokutana na mwenzako, unapomfuata mwingine kwa karibu, na kila mahali ambapo mwanga wako utawapofusha watu wengine watumiao njia.

Jambo lililonipendeza ni hili. Mapatano hayakutaja hesabu ya mita ambazo dereva ashushe taa zake. Yasema azishushe mapema kiasi cha kumwezesha yule mwingine kuendelea bila taabu na bila hatari. Yaani kipimo ni haja ya mwenzako. Sheria yakutaka ukae kwa nia katika kiti cha mwenzako, uitazame motokari yako inavyomjia. Sheria ya namna hii si mbaya hata kidogo. Ubaya wake ni mmoja tu: askari hawezi kuipima kwa kamba. Penye watu wasiofikiri juu ya wengine, yabaki maandiko tu.

*3. Taa iliyozaliwa nchi nyingine*

Sasa nafika penye jambo ambalo madereva wetu wengi hawalitaji, nalo labda ndilo kubwa. Sisi hapa Kongo tunashika upande wa kuume wa barabara. Zambia, Tanzania, Afrika Kusini na Japani hushika upande wa kushoto. Mafundi wa taa wanajua hayo, kwa hiyo taa fupi za motokari hazitoi mwanga ulio sawa pande zote. Upande wa dereva unayekutana naye mwanga huinama chini. Upande wa ukingo wa njia huinuka kidogo, ili dereva aone waendao kwa miguu.

Fikiri basi lori lililotengenezwa kwa nchi za upande wa kushoto, lililovuka Kasumbalesa kuja kuchukua shaba yetu. Mwanga wake huinuka upande wa kushoto. Lakini kwetu huku, kushoto kwake si ukingo wa njia; ndipo tunapopita sisi. Dereva wake ameshusha taa kwa adabu yote, nao mwanga bado watupiga machoni. Tena ukingo wake wa kuume, anapopita mtu wa makala, umebaki gizani. Ni vivyo hivyo kwa motokari nyingi zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika Japani, zenye usukani upande wa kuume, ambazo zajaa hata katika mji wetu.

Basi huenda yule tuliyekutana naye Lufira hakuwa mtu asiye na adabu. Huenda alikuwa amekwisha kushusha. Sijui, na dereva wetu pia hakujua. Alimhukumu mtu ambaye hakuweza kumwona, akampa adhabu papo hapo.

Dawa ya jambo hili si ngumu. Waingereza wanaovuka bahari kwenda Ufaransa na motokari zao hubandika kipande kidogo juu ya kioo cha taa, au humwambia fundi aurekebishe mwanga, kisha huendelea na safari. Pale Kasumbalesa malori husimama kwa muda mrefu yakingoja karatasi zao. Muda wa kubandika vipande viwili hauwezi kukosekana.

*4. Hofu na mbio*

Ukimwuliza dereva kwa nini hashushi, mara nyingi hatajibu kwa kiburi. Atakuambia, “Nikishusha sioni mbele.” Hilo nalo ni kweli. Kwa kipimo cha mapatano yale yale, taa ndefu yapasa kuangaza mita 100 au zaidi, na taa fupi mita 40 au zaidi. Sasa tazama: motokari ndogo yenye breki nzuri, juu ya lami kavu, ikienda kilometa 80, huhitaji karibu mita 57 kabla ya kusimama. Mita 40 hazitoshi. Ikienda kilometa 60, huhitaji mita 37 hivi, nazo zatosha. Lori lenye mzigo huhitaji zaidi.

Kwa hiyo dereva akatazaye kushusha taa hasa anakataa kupunguza mwendo. Macho ya mwenzake ndiyo yanayolipia haraka yake. Hapa siwezi kumtetea. Mtu akishusha taa yake, na ainue mguu wake vilevile. Mambo hayo mawili ni kama ndugu pacha.

*5. Kosa la kulipiza*

Turudi sasa kwa yule dereva wangu. Nampenda, ni mtu mwema, wala si peke yake. Wengi hufanya kama yeye na kujisifu kwamba wamemfundisha mtu adabu. Lakini tufikiri. Lori lakujia na mzigo wa tani 30, mbele yako, upana wa njia ni uleule. Wewe wapenda dereva wake aone vizuri au awe kipofu? Kumpofusha mtu huyo ni kujitafutia kifo mwenyewe.

Tena katika ugomvi huo yupo mtu wa tatu. Wazee walisema, wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Madereva wawili wamekaa ndani ya chuma, kila mmoja na hasira yake. Nje ukingoni yuko mtu aliyetoka msituni na magunia yake, amesukuma tangu alasiri. Yeye hana taa ya kumpofusha mtu, wala hakuwakosea. Akigongwa, kila mmoja wa wale wawili atasema neno lile lile: sikumwona. Nalo litakuwa kweli, lakini halitamwinua.

Basi nini kifanyike? Ukipigwa na mwanga, usiutazame. Elekeza macho kwenye ukingo wako wa kuume, punguza mwendo, acha taa zako chini. Futa kioo cha mbele kabla ya safari ya usiku, maana vumbi hutawanya mwanga. Nenda kwa fundi wa Kikula au Panda, simamisha motokari mita 10 mbele ya ukuta, na mwanga wa taa fupi uishie sentimeta 10 hivi chini ya kimo cha taa. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Nanyi mlio na ndugu wanaobeba makala, wafungieni nyuma ya mzigo kitambaa cheupe au kipande kirudishacho mwanga. Msingoje madereva wote waongoke kwanza.

Yule mtu wa Lufira sikupata kumjua jina wala kijiji. Huenda makala yake yalifika sokoni kesho yake, na huenda tuliyapikia sisi wenyewe chakula chetu.