Ufundi Huanzia Dukani

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na methali hiyo imewasuta wengi waliogeuzageuza mipini dukani hadi mvua za kwanza zikawapita. Kwa mvivu, hilo ni suto la haki. Kwa fundi halitoshi. Mtazame fundi wa jahazi wa pwani yetu kabla hajashika tezo. Kwa mbao za ubavuni anataka mti ulionyooka, lakini kwa mataruma anatafuta tawi lililojipinda lenyewe lingali mtini, kwa kuwa nyuzi za tawi kama hilo huufuata mpindo toka ncha hadi ncha. Taruma lililochongwa kwa nguvu kutoka gogo lililonyooka hukatwa nyuzi njiani, na bahari haikawii kulipasua. Siku anayokwenda kuchagua matawi, fundi yule hajaichelewesha kazi, ameshaianza. Nashikilia kwamba uundaji wa modeli, yaani ndege, meli, vifaru na magari yaliyopunguzwa vipimo hadi yakae mezani, ni ufundi wa ukoo huohuo: sehemu kubwa ya ustadi wake hutumika mbele ya rafu, kisu kikiwa bado hakijashikwa. Nashikilia pia, ingawa hapa wapenzi wengi wa kazi hii watanipinga, kwamba duka la hobi lenye jina kubwa na matawi mengi linastahili fungu lake katika sifa za ustadi huo.

Duka ninalolisemea ni la Marekani. HobbyTown ilianza mwaka 1969 mjini Lincoln, Nebraska, na leo jina lake limo juu ya milango ya maduka zaidi ya 100. Mengi ya maduka hayo si mali ya kampuni. Mwenye duka ni mkazi wa mji, amelipia haki ya kutumia jina, nembo na mfumo wa ununuzi, na baada ya hapo faida na hasara ni zake. Hobby Lobby ya Oklahoma City, ambayo watu huichanganya nayo kwa sababu ya jina, humiliki maduka yake yenyewe. Tofauti hiyo ni ya mikataba, lakini ina uzito kwa mnunuzi: nyuma ya nembo moja unaweza kumkuta mtu mwenye duka lake, anayejua wateja wake wanaunda nini na anayeumia chupa ya rangi inapokaukia rafuni.

Sasa twende kwenye rafu yenyewe, na tuanze na ile ambayo wageni huipita bila kuitazama: rafu ya mbao za balsa. Mbao hizi huuzwa mara nyingi kwa upana wa inchi 3 au 4 na urefu wa inchi 36, na unene wake huanzia chini ya milimita moja. Mti wa balsa, ambao kwa wingi hutoka Ecuador, hukua haraka mno, na kwa sababu hiyo hakuna miti miwili inayofanana. Ubao mwepesi hukaribia kilo 70 kwa mita moja ya ujazo, na mzito waweza kupita 200. Yaani mbao mbili za kipimo kimoja na bei moja, zilizolala pamoja, moja yaweza kuwa na uzito mara tatu ya mwenzake. Anayeunda ndege ya kuruka kweli hawezi kulipuuza hilo, maana kila gramu iliyoongezwa mkiani hudai nyingine kadhaa puani ili ndege ikae sawa. Kisha kuna namna ubao ulivyopasuliwa kutoka gogoni. Uliokatwa sambamba na duara za mti una mistari mirefu na hukunjika kwa upana bila kelele. Huo ni wa kufunika sehemu za mviringo. Uliokatwa kuelekea kwenye kiini una madoadoa yanayometameta ukiugeuza kwenye mwanga, ni mgumu, ukiulazimisha kukunjika unapasuka. Huo ndio wa mataruma ya bawa. Anayeubana ubao kwa vidole viwili, akaukunja kidogo, akauinua dirishani, anafanya kile anachofanya fundi wa jahazi chini ya mkoko. Wala balsa si mti wa michezo peke yake: ndege ya kivita ya Mosquito, iliyoundwa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na kiwiliwili cha balsa kilichobanwa kati ya tabaka za plaiwudi.

Karibu na balsa huwa pana kichanja cha mirija ya shaba nyeupe na alumini. Ile ya kampuni ya K&S ya Chicago imepimwa hivi kwamba kila mrija huingia ndani ya ule unaoufuata kwa ukubwa, bila kulegea na bila kusukumwa. Aliyepanga vipimo hivyo alifanya nusu ya kazi ya kila anayetaka mzinga wa kifaru unaorudi nyuma au gurudumu la ndege linalokunjwa.

Kwenye gundi na rangi ndipo ujinga wa dukani huadhibiwa vikali nyumbani. Seti nyingi za modeli ni za plastiki ya polistireni, na gundi yake halisi haishiki kama gundi ya seremala. Inayeyusha. Nyuso mbili zikishakuwa uji hukutana, kiyeyushi kinapotea hewani, na vipande vinabaki kuwa plastiki moja, kama fundi bomba anavyounganisha mabomba kwa gundi ya tangit. Ile nyepesi, yenye kibrashi ndani ya kifuniko, hupakwa baada ya vipande kukutanishwa: unagusa ufa kwa ncha ya brashi, na maji yale hukimbia yenyewe kuufuata mshono hadi mwisho, kwa kufumba na kufumbua. Nzito ya kwenye tyubu ni ya mahali panapohitaji kusogezwasogezwa kabla ya kushika. Supagluu ni ya chuma na resini, lakini mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo vya rubani, kwa hiyo kwa vioo hurudiwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani. Ni gundi nne kwa modeli moja, na kila moja ina sababu yake.

Rangi ndiyo kali zaidi. Katika kipimo cha 1/72, Spitfire yenye mabawa ya mita 11 hushuka hadi sentimita 15 na ushei. Utando wa rangi wa nusu milimita, ambao kwenye mlango wa nyumba hakuna ambaye angeuona, ungekuwa sentimita 3.6 juu ya ndege halisi. Ungezifukia rivati na mistari ya bati zote. Ndiyo maana rangi hizi husagwa laini na kuuzwa katika vichupa na vikopo vya mililita chache, na ndiyo maana anayeijua kazi husimama muda mrefu akisoma maandishi madogo ya kila kichupa: hii ni ya mafuta, hii akriliki, hii laka, na thina ya kila moja ni ipi. Laka huweza kukaa chini ya akriliki, na rangi ya mafuta ikapita juu ili kutia vivuli katika mifereji, kwa sababu thina ya mafuta haili vilivyo chini yake. Geuza mpango huo, uipulize laka juu ya rangi ya mafuta, na thina yake kali huweza kuikunja ile ya chini kama utando wa maziwa yaliyochemka. Mpangilio huo wote huamuliwa dukani, kichwani mwa mtu aliyesimama na vichupa vitatu mkononi.

Kuna anayesema duka ni mpitishaji tu, na sifa zote ziende kwa kiwanda na kwa mikono. Historia inamkatalia. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Airfix ilipokuwa ikiandaa modeli ndogo ya meli ya Golden Hind, Woolworths, iliyokuwa na maduka yake kote Uingereza, ilitaka bidhaa ya shilingi 2. Ili kufikia bei hiyo Airfix iliacha plastiki ya asetati ikashika polistireni, ikaacha boksi ikatumia mfuko wenye karatasi ya juu iliyobeba pia maelekezo. Baada yake ikaja Spitfire. Vizazi vya waundaji wa Uingereza vilianzia kwenye mifuko hiyo, na bei ya kaunta ndiyo iliyoiamua plastiki waliyojifunzia. Duka la matawi mengi, kwa lazima yake ya bei ndogo na wingi mkubwa, lilikuwa mmoja wa mafundi. Hata vipimo vyenyewe wakati mwingine vilizaliwa kwa lazima kama hiyo: Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipotoa kifaru chake cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukubwa wake ulipangwa ili mota na betri zienee ndani, na kipimo hicho cha 1/35 ndicho leo kinachotawala rafu za vifaru duniani.

Pingamizi zito zaidi ni la utu wa kazi yenyewe. Vipande vimeshakatwa na kiwanda, picha iko juu ya boksi. Ufundi uko wapi? Na kwetu kuna anayeuliza kwa ukali zaidi: mtoto wa Tandale au Kibera huunda lori zima kwa waya, vizibo na soli za ndala kuukuu, bila kulipa senti, kwa nini tumsifu anayenunua? Nalipokea swali hilo kwa mikono miwili, kwa sababu lina hoja yangu ndani yake. Mtoto yule hachukui waya wowote. Anautupa unaokatika ukipindwa mara mbili, anatafuta ndala nene kwa magurudumu ya nyuma, anakataa kopo lenye kutu. Jalala ndilo duka lake na macho yake ndiyo fedha. Anayenunua seti ana kazi hiyohiyo, na baada yake ana nyingine: kukata kila kipande kutoka fremu yake bila kukitia jeraha, kukisawazisha kwa tupa na msasa, kuziba nyufa, kupaka. Seti mbili za namba moja zikitoka mikononi mwa watu wawili hazitafanana. Kiwanda hutoa umbo. Uso wa modeli hutoka kwa mwenye kuiunda.

Lipo la intaneti, nalo sitalikwepa. Kwa seti adimu, intaneti inashinda, na bei yake mara nyingi ni ndogo. Ni kweli pia kwamba katika maduka mengi ya HobbyTown magari ya rimoti huchukua nafasi kubwa kuliko modeli za plastiki, na kwamba rafu inayotegemea bidhaa za kiwanda kimoja huyumba kiwanda kikibadili mawazo. Rangi za Model Master zilipoachwa kutengenezwa, waliozizoea walilazimika kujifunza rangi upya. Hayo ni madhaifu ya kweli. Lakini picha ya skrini haina uzito, na ubao wa balsa hauwezi kukunjwa kwa vidole kupitia simu. Wanaoagiza mbao bila kuzigusa huagiza nyingi ili wapate chache zinazofaa. Tena anayeanza hajui jina la kitu anachokihitaji ili akitafute. Anajua tu kwamba mshono wake umefunguka. Huyo anahitaji kaunta, na nyuma yake mtu wa kumwambia kwamba alitumia gundi ya chuma kwenye plastiki.

Kwa hiyo, msomaji uliye Minneapolis, Houston au Columbus, au utakayekwenda huko kumtembelea ndugu, ukilikuta duka la namna hii usikimbilie maboksi yenye picha. Nenda kwenye rafu ya balsa. Chukua mbao tatu za unene mmoja, zipime mkononi mojamoja, zikunje kidogo kwa upana, kisha ziinue kwenye mwanga utafute yale madoadoa. Mbili zirudishe rafuni. Moja inunue.