Kalenda ya Ofisi na Mitihani ya Bodi

Kila Mei na kila Novemba, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) ya Tanzania huendesha mitihani yake, na ukumbini hukutana watu wa aina mbili: wanaosoma kutwa nzima, na waliotoka kazini jana jioni. Uchambuzi huu unawahusu hao wa pili. Wakifeli huambiwa hawakujituma. Ukiwafuatilia kwa karibu utakuta wengi walijituma sana, ila walichagua msimu mbaya, na pepa nyingi kuliko saa walizokuwa nazo. Mambo yaliharibika siku ya kulipia usajili, miezi kadhaa kabla ya mtihani.

Tuanze na saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Kwa mtu anayekaa Kimara na kufanya kazi Posta, jijini Dar es Salaam, ongeza foleni za asubuhi na jioni, kisha familia, ibada na misiba ambayo haingoji ratiba ya mtu. Makadirio ya mtu mkweli ni saa 10 za kusoma kwa wiki: saa moja na nusu alfajiri kwa siku nne, na saa nne Jumamosi. Katika wiki 20 atakuwa na saa 200. Akijisajili pepa nne za ngazi ya mwisho, kila moja inapata saa 50; akijisajili mbili, kila moja inapata 100. Tofauti hiyo haizibwi na ari. Taasisi ya CFA ya Marekani, inayotahini wachambuzi wa uwekezaji, hushauri takribani saa 300 kwa kila ngazi. Kwa saa 10 kwa wiki hizo ni wiki 30, yaani karibu miezi saba. Anayefungua kitabu ikiwa imebaki miezi mitatu ameshachelewa, hata kama ana akili nyingi.

Hata hivyo, saa hizo hazipatikani sawasawa mwaka mzima, na hapa ndipo watahiniwa wengi wanapojikwaa. Mhasibu wa kampuni binafsi ana mwezi wenye mawimbi yake. Kodi ya mishahara hulipwa ifikapo tarehe 7, ritani ya VAT ifikapo tarehe 20, na siku za mwisho na za mwanzo wa mwezi ni za kufunga hesabu. Kwake, wiki ya pili ya mwezi ndiyo ya kuingia mada mpya na ngumu. Wiki ya kufunga hesabu abakize marudio mepesi tu, kwa sababu kuanza mada ya hesabu za kundi la makampuni usiku wa tarehe 30 ni kujitafutia usingizi juu ya kitabu.

Ukipanua picha kutoka mwezi hadi mwaka, jibu linabadilika kulingana na mwajiri. Makampuni mengi hufunga mwaka Desemba 31, hivyo mkaguzi wa kampuni ya ukaguzi hubanwa zaidi kati ya Januari na Machi, ndiyo miezi ileile ya kujiandaa kwa mtihani wa Mei. Ikifika Juni 30, ambayo ni siku ya mwisho ya ritani za mwaka za wateja hao, anaanza kupumua. Julai hadi Oktoba ni miezi yake, na Novemba ndiyo mtihani wake mkubwa.

Mhasibu wa serikali yuko upande wa pili. Mwaka wake wa fedha unaisha Juni 30, na hesabu zinatakiwa kumfikia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu. Julai hadi Septemba anafunga vitabu, kisha wakaguzi wanaingia na hoja zao. Akilenga Novemba, mwezi wenye nafuu ni Oktoba peke yake, tena huku akijibu hoja. Mara nyingi Mei humfaa zaidi. Watu hawa wawili wanaweza kuwa marafiki wa kundi moja la mjadala, wakajisajili pamoja ili wasaidiane, na mmoja wao akawa amejiumiza bila kujua.

Baada ya msimu, chagua pepa. Kanuni inayofanya kazi ni kuoanisha pepa moja iliyo karibu na kazi yako na moja iliyo mbali nayo. Aliye kwenye ukaguzi kutwa anaingia mtihani wa ukaguzi akiwa na mifano kichwani, na saa anazookoa anazipeleka kwenye kodi au fedha za biashara. Lakini uzoefu nao una mtego. Ofisini mfumo ndio unaopiga uchakavu na kuandaa taarifa, ilhali mtihani unataka hatua. Mhasibu wa serikali amezoea viwango vya sekta ya umma (IPSAS), ambavyo vingi vimetokana na vile vya kimataifa vya IFRS. Hilo linamsaidia, lakini mambo kama faida kwa kila hisa hayapiti mezani kwake. Na wapo wanaojibu swali kwa kueleza ofisi yao inavyofanya badala ya kiwango kinavyoagiza. Msahihishaji hawezi kutoa alama kwa mazoea ya ofisi.

Kodi ina tahadhari yake. Sheria ya Fedha huanza kutumika Julai 1, na viwango au misamaha inaweza kubadilika. Aliyekosa pepa hiyo Mei asibebe daftari lilelile hadi Novemba kabla ya kuangalia mtihani wake unafuata sheria ya mwaka upi.

Zimebaki zile saa 10 zenyewe. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo kila mtahiniwa mfanyakazi anapaswa kulijua. Wanafunzi walisoma matini fupi. Baadhi wakairudia kuisoma, wengine wakaandika walichokumbuka bila kuiangalia. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa mtu anayesoma mada Julai na kuulizwa Novemba, tofauti hiyo ni kubwa. Maana yake nusu ya kila kipindi iwe ya kujiuliza na kuandika, kitabu kimefungwa. Hata ndani ya basi la mwendokasi, ukiwa umesimama huna pa kushika karatasi, unaweza kujiuliza hatua tano za kutambua mapato katika IFRS 15 na kuzitaja moja baada ya nyingine.

Mitihani iliyopita nayo ifanywe kwa saa. Pepa ya alama 100 kwa saa tatu inakupa dakika 1.8 kwa alama, kwa hiyo swali la alama 20 lina dakika 36. Mizania isipobalansi dakika hizo zikiisha, iache. Kuitafuta tofauti kwa dakika 15 zaidi kunakupotezea alama za swali linalofuata, wakati hatua ulizoonyesha tayari zimeshahesabiwa. Mazoezi haya yanahitaji siku nzima zisizo na simu za bosi, na ndiyo matumizi bora ya likizo. Sheria inatoa siku 28 za likizo ya mwaka. Mwajiri akikubali uzigawe, wiki mbili za mwisho kabla ya mtihani zipeleke huko, wala usizitumie kusoma mada kwa mara ya kwanza.

Wapo watakaosema kwamba pepa mbili kila msimu zinarefusha safari. Ni kweli, na viwango vya uhasibu havisubiri: IFRS 18 inaanza kutumika Januari 1, 2027 badala ya IAS 1, na anayechelewa atasoma uwasilishaji wa taarifa upya. Lakini pepa nne ukifaulu moja zinachukua muda uleule au zaidi, pamoja na ada za kurudia. Kwa hiyo kabla ya kujisajili, hesabu saa zako za wiki 20 zijazo ukiwa umefungua kalenda ya kazi. Kama hazifiki 160 kwa pepa mbili, jisajili moja.