Pongezi kwa Mafundi wa Mawimbi Safi

Sisi wa Kitaya, ambao Mto Ruvuma ndio mpaka wetu na Msumbiji, na ambao redio zetu hupokea sauti za nchi mbili pasipo kuuliza mpaka, tuna wajibu wa kuwashukuru mafundi wa redio za ridhaa, wale wenye leseni ambao alama zao za wito hapa Tanzania huanza na 5H. Kazi yao niihusuduyo zaidi ni kuzidisha masafa maradufu: mawimbi ya megahezi 7 hupitishwa katika transfoma na diodi mbili zilizolingana, yakatoka 14, lakini ya 28 huzuka pamoja nayo, na diodi zikihitilafiana japo kidogo, ya 7 na ya 21 nayo husalia, yakawa fitina katika mawasiliano ya watu wengine. Ndipo fundi huweka kichujio cha fuwele ya kwatsi, jiwe ambalo Pierre na Jacques Curie walibainisha mwaka 1880 kuwa hutoa umeme likibanwa, nalo likichongwa kwa unene barabara huitikia mtetemo wake na kuizuia mingine. Hiyo ni amana kubwa, kwani msikilizaji hamjui aliyemhifadhi na kelele. Vijana wa Mtwara wenye shauku ya umeme, jifunzeni kazi hii.