Mapenzi na Maajabu katika Hadithi za Vijana

Hadithi za mapenzi yaliyochanganyika na maajabu zina wasomaji wengi miongoni mwa vijana. Wako wazee wanaozitupa zote kwa jina la upuuzi, na wako vijana wanaozimeza zote bila kutafuna. Makundi haya mawili yamekosa kipimo. Nataka tutafute kipimo hicho pamoja, kwa kuwa msomaji hujifunza mapenzi katika hadithi kabla hajayajua katika maisha, na mafunzo mabaya ya mapenzi yana gharama kubwa.

Kwanza tukumbuke kwamba maajabu si mali ya wageni. Waembu husimulia kuwa Ngai alimwumba Mwenendega akampa mke mzuri, Ciurunji, kwenye maporomoko ya Mbui Njeru, na wazao wao wakaijaza nchi. Ng'ambo ya mto Thuci, Wameru husimulia jinsi wahenga wao walivyoonewa huko Mbwaa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Waliamriwa mambo yasiyowezekana: walete mbwa mwenye pembe, watoe tunda lililotumbukia katika shimo refu, wafue mkuki wa kufika mbinguni. Tunda walilitoa kwa kumimina maji shimoni hata likaelea. Mkuki ulipowashinda, walitoroka, na kiongozi wao Koomenjwe akayapiga maji kwa fimbo, yakagawanyika, watu wakavuka.

Angalia mpango wa kisa hiki. Maji hayagawanyiki mwanzo, ili watu wapumzike. Yanagawanyika baada ya akili na subira kutumika hata mwisho. Basi kipimo chetu ni hiki: liondoe ajabu katika hadithi, kisha utazame kilichosalia. Ukimnyang'anya Koomenjwe fimbo yake, wasalia watu wenye busara waliokataa utumwa. Hadithi ingali hai.

Sasa tukipeleke kipimo chetu kwa Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952. Humo mna jini, mji wa mawe, safari za bahari, na mapenzi ya Adili na Mwelekevu. Hasidi na Mwivu, ndugu za Adili, walimtupa baharini kwa wivu. Jini Huria aliwageuza kuwa manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku. Ondoa jini na manyani, na jambo zito lasalia: mtu mwema alazimishwa kumwadhibu ndugu yake, na kila pigo humrudia mwenyewe moyoni. Hiyo ndiyo nguvu ya kitabu. Kasoro yake imo katika majina. Anayeitwa Hasidi hawezi kutushangaza kwa husuda, wala Adili kwa uadilifu. Tumekwisha kuwajua kabla hawajatenda lolote.

Twende sasa ng'ambo ya bahari. Mwaka 2005 Stephenie Meyer wa Marekani alitoa kitabu kiitwacho Twilight, ambacho kimeigwa na waandishi wengi. Bella, msichana wa miaka 17, ampenda Edward, mnyonya damu mwenye sura ya kijana ingawa umri wake wapita miaka 100. Tusimnyime mwandishi haki yake. Edward aogopa kumdhuru ampendaye, na kujizuia kwake ni swali la kweli la maadili. Lakini huyo huyo huingia chumbani mwa msichana usiku, bila ruhusa, kumtazama akiwa amelala. Ondoa ajabu, nini kilichosalia? Huko Nkubu au Runyenjes mtu wa namna hiyo angepigiwa kelele za mwizi. Na kwa Mmeru ajuaye hesabu ya rika, mchumba huyo ni wa rika la babu wa babu. Uzuri wa sura na ajabu la kutozeeka vimetumiwa kuifunika aibu, na msomaji mchanga afundishwa kwamba kuvizia ni kupenda.

Usidhani kuwa dawa ni kubadili mavazi tu. Tomi Adeyemi, Mmarekani wa asili ya Nijeria, alitoa Children of Blood and Bone mwaka 2018. Alichota katika imani za Wayoruba, na hilo ni jema, kwani vijana weusi walijiona wakiwa mashujaa. Walakini Zélie ampenda Inan, mwana wa mfalme aliyesababisha kifo cha mama yake, na uchawi wa kukutana katika ndoto wafupisha njia ndefu ya kutoka chuki hadi imani. Adui ageukaye mpenzi ni mtindo uliochakaa, sawa na msichana aliyeteuliwa na utabiri, na wachumba wawili wamgombeao mmoja. Mtindo uliochakaa haukatazwi, ila mwandishi alipe deni lake: atuonyeshe kwa matendo jinsi moyo unavyogeuka.

Na wewe, msomaji uandikaye insha, usikimbilie ngome za mawe na wafalme wa Ulaya kwa kutafuta theluji. Theluji iko juu ya Kirimaara. Wala usiwasifu wahenga bila kuwapima. Katika kisa cha Mbui Njeru, Ciurunji atolewa awe mke, na hatuambiwi alisema nini. Je, alimpenda Mwenendega? Alitaka nini yeye mwenyewe? Mwandishi atakayempa Ciurunji ulimi wa kujibu atakuwa amepata mapenzi na ajabu kwa pamoja, na wasichana watakaomsoma watajua kwamba wao pia huulizwa.