"Funga Mlango Polepole": Uhakiki wa Maandishi na Msamiati wa Milango ya Pikapu, Mukumu

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulika na tenzi, tamthilia na riwaya. Ukitoka nje ya vitabu, aghalabu hukimbilia misemo ya khanga na majina ya matatu, kwa kuwa hiyo ina mzaha na mafumbo na humpa mhakiki kazi tamu. Maandishi ya amri, yale yasiyomchekesha mtu, yameachwa kama kwamba hayana fani wala maudhui. Makala haya yana nia ya kuitazama amri moja ya maneno matatu, inayoonekana kwenye milango ya magari ya mizigo na ya abiria katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na kuyachunguza maneno jirani yake: ufunguo, kitasa, komeo, na kile kibao cha nyuma cha pikapu ambacho mpaka leo hakina jina lililotulia. Mahali palipochaguliwa ni Mukumu.

Mukumu ipo kusini ya mji wa Kakamega, kwenye barabara iendayo Kisumu, katika nchi ya Waisukha. Ina misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na mapadre wa Mill Hill mwanzoni mwa karne ya 20, ina hospitali, na ina shule za bweni za wavulana na za wasichana. Pikapu ndiyo hamali wa mahali kama hapa. Hubeba ndizi na magunia ya mahindi, mbao, saruji, ng'ombe, majeneza na wafiwa. Na siku shule zinapofunguliwa hubeba masanduku ya bati na magodoro, na juu ya magodoro watoto. Kiswahili kinachotumika kuendeshea shughuli zote hizo ni lugha ya pili kwa wengi, iliyookotwa sokoni na darasani. Jambo hili lina uzito, maana amri inayoeleweka Lamu kwa kudokezwa tu, Mukumu hapana budi itamkwe kamili.

Amri yenyewe ni hii: Funga mlango polepole.

Kwa upande wa fani haina kasoro. Ina kitenzi, yambwa na kielezi, na imepangwa kwa mpango wa kawaida wa sentensi ya Kiswahili. Yasomeka kwa nukta moja na yakaa katika nafasi ndogo ya chuma chini ya dirisha. Hata hivyo uhakiki usiouliza nani asema na nani aambiwa ni uhakiki nusu. Msemaji hapa ni mwenye gari, na anayeambiwa ni abiria au mpakizi. Kinacholindwa ni nini? Si vidole vya mtoto vilivyoshika ukingo wa mlango, wala si mtu atakayeuegemea mlango huo gari likikata kona. Kinacholindwa ni bawaba, kioo na rangi. Dhamira ya maandishi haya ni mali.

Haifai, lakini, kumhukumu mwenye gari upesi, kama walivyozoea kufanya baadhi ya wahakiki ambao wakishaona mali na mtu hukata shauri palepale. Pikapu nyingi za vijijini huendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya kuzeeka. Kioo kikipasuka au bawaba ikilegea, fedha za kuitengeneza hutoka katika mapato yale yale madogo ya ndizi na saruji. Anayebamiza mlango wa gari la mwenzake anamtia hasara ya kweli. Kosa la amri halimo katika kutetea mali. Limo katika kielezi.

Kitasa cha gari hakifanyi kazi kama kitasa cha nyumba. Hushika kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza ulimi wa kitasa huunasa mlango usifunguke wazi, lakini mlango hubaki umeachama kidogo, na mtu asiyeangalia vizuri hudhani umefungwa. Katika hatua ya pili mlango hukaa barabara juu ya mpira wake na kitasa hupata nguvu yote kilichoundiwa. Tofauti ya hatua hizo si ndogo. Kanuni ya usalama wa magari ya Marekani, nambari 206, inayohusu vitasa na bawaba za milango, hudai kwamba kitasa kilichoshika kikamilifu kihimili mvuto wa niutoni 11,000 kwa upande wa urefu wa gari, ilhali kikiwa katika hatua ya kwanza kinatakiwa kuhimili niutoni 4,450 tu. Yaani mlango ulioshika nusu hauwi na hata nusu ya nguvu za mlango ulioshika. Na njia rahisi kuliko zote ya kuuacha mlango katika hatua ya kwanza, hasa mlango mkongwe wenye mpira mgumu na bawaba zilizoteremka, ni kuufunga polepole.

Hapo ndipo maandishi haya yanapogeuka kuwa hatari. J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, aliwakumbusha wanafalsafa kwamba kusema ni kutenda, na kwamba tendo la usemi laweza kuharibika ijapokuwa sentensi ni safi. Mfano wake ungaliweza kuwa huu. Abiria mtiifu, aliyesoma na kufuata neno kwa neno, ndiye anayesafiri na mlango usioshika. Yule mkaidi aliyeubamiza akatukanwa ndiye aliye salama. Amri inayomwadhibu mwenye kuitii imeshindwa, hata kama wasomaji wake wote wanajua kusoma.

Yafaa sasa kukitazama kitenzi chenyewe, maana tatizo la kielezi lina mzizi wake huko. Kufunga, katika Kiswahili cha kila siku, ni kurudisha mlango mahali pake. Ni kuutia ufunguo pia. Ni kukaza mshipi wa kiti. Ni kuufunga mzigo kwa kamba. Taniboi akiulizwa na dereva, "Umefunga?", naye akajibu, "Nimefunga", huenda kila mmoja ana jambo lake moyoni: huyu anauliza habari za kamba, yule anajibu habari za kibao. Gari huondoka.

Ndiyo sababu vijana wa Mukumu, kama wenzao wa Nairobi, husema kuloki. Walimu hulikemea neno hili kuwa ni uvivu. Lakini mtu mvivu hatafuti neno la pili wakati lile la kwanza linamtosha. Kuloki limeingia kwa sababu msemaji anataka kutenganisha mlango uliorudishwa na mlango uliotiwa ufunguo, naye hakupewa neno na shule. Na neno lipo! Lugha iliyokulia katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja ina utajiri wa milango ambao lugha nyingi zingeuonea wivu: kuna kia, komeo, tumbuu, kufuli, mwimo, kizingiti na mfaa; na kwa vitenzi kuna kukomea, kuegesha, na zaidi ya yote kushindika, ambalo kamusi hulitoa kwa maana ya kufunga mlango bila ya kuutia komeo wala ufunguo. Tofauti anayoitafuta kijana wa Mukumu kwa neno la kuazima iliwekwa zamani na seremala wa pwani.

Je, basi turudishe kushindika likaandikwe milangoni? Pendekezo hilo lingewapendeza wapenzi wa Kiswahili fasaha, nalo lingekufa siku hiyo hiyo. Kamusi hizo hizo hulitoa neno hili kwa maana ya kukamua mafuta au miwa, na Kakamega ni nchi ya miwa. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa ya wilaya hiyo mwaka 1973. Mkulima wa huko akiambiwa ashindike mlango, kama atakuwa na picha yoyote akilini, itakuwa picha ya mlango unaokamuliwa. Msamiati hauhamishwi kama kiti. Kukomea lina bahati njema zaidi, kwa vile halina maana ya pili inayoligombania, na kitufe au kijiti kile kinachobonyezwa ndani ya mlango wa gari ni komeo kwa kila hali. Mtu aliyeshindilia mlango ukashika, kisha akaukomea, ametenda mambo mawili na ana maneno mawili.

Ufunguo nao una hadithi yake. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alieleza jinsi kiambishi cha kutendua kinavyogeuza maana ya kitenzi: funga, fungua, ziba, zibua, tega, tegua. Ufunguo umetoka upande wa kufungua. Mswahili alipokipa chuma hiki jina, alikiona kama kitu cha kuingilia, si kitu cha kuzuilia. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na pikapu mpya hukiona kwa jicho la pili: usimwache mtoto peke yake garini, usiuache ufunguo ndani, ufunguo wenye kitufe usichezewe, kwani watoto waweza kujikomea, kupandisha vioo au kuwasha injini. Onyo hili si la nchi za baridi peke yake. Kebini iliyofungwa vioo juani hupata joto upesi kuliko hewa ya nje, hata siku isiyo ya joto kali, na mwili wa mtoto hupanda joto haraka kuliko wa mtu mzima. Anayekwenda dukani mara moja akamwacha mtoto na ufunguo amemwachia vyote viwili, kifungo na ufunguo, na mtoto hajui kipi ni kipi.

Vitabu hivyo, hata hivyo, kwa kawaida vimeandikwa kwa Kiingereza. Na gari lililotumika lililoletwa kutoka Japani mara nyingi huja na vibandiko vya Kijapani, kikiwemo kile kilicho kwenye ukingo wa mlango wa abiria wa nyuma, karibu na kijiti kidogo cha kuzuia watoto wasiufungue kutoka ndani. Kijiti kikiwa kimegeuzwa, kishikio cha ndani hakifanyi kazi. Mtu mzima aliyeketi hapo siku ya ajali atavuta kishikio bure. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi, na katika kifungu cha 46 humpa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike nayo kikamilifu. Vifungu hivyo viwili havijakutana bado kwenye mlango wa pikapu.

Kubwa kuliko yote ni kile kibao cha nyuma. Wengi hukiita "mlango wa nyuma", na jina hili lina makosa mawili. Kwanza, pikapu yenye safu mbili za viti ina milango mingine ya nyuma, ile ya abiria. Mtu akiambiwa ahakikishe mlango wa nyuma umefungwa, ataangalia ule ulio karibu naye. Pili, mlango huwa na bawaba za pembeni na watu hupita kati yake. Kibao hiki kina bawaba za chini. Hakifunguki, hulazwa, hakifungwi, husimamishwa, kikashikwa na vitasa vya pande mbili, na upande mmoja waweza kushika na mwingine usishike. Kikilazwa huning'inia kwa minyororo au nyaya mbili, nazo zina kiasi cha uzito zinachoweza kuchukua. Anayekiita mlango hawezi kukumbuka habari ya uzito. Anayekiona kimelazwa hukiona benchi, akakaa, gari likaondoka naye.

Historia ya usafiri imelizidisha jambo hili. Matatu zilizoruhusiwa na Rais Kenyatta mwaka 1973 kubeba abiria bila ya leseni maalumu, nyingi zilikuwa pikapu zilizojengewa paa na mabenchi mawili yaliyoelekeana. Watu waliingilia nyuma, na makanga alisimama kidatoni akishika chuma cha juu. Kwa hakika makanga mwenyewe ndiye aliyekuwa komeo: mwili wake ndio uliozuia abiria wa mwisho asianguke. Aligonga bodi kwa kiganja dereva akasimama, akagonga tena akaondoka, na lugha hiyo ya kiganja ilieleweka kuliko maandishi yote. Kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilidai mikanda na vidhibiti mwendo katika magari ya abiria. Pikapu ya mizigo haikuacha kubeba watu vijijini, na komeo lake la mwili limekwisha kuondoka. Zile zilizojengewa paa zina hatari nyingine: kibao kikiachwa wazi gari likiwa linakwenda, moshi wa injini hurudi ndani, nao una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi.

"Kibao cha nyuma", pamoja na vitenzi vyake kulaza na kusimamisha, ni jina la kawaida mno kumfurahisha mtunga istilahi. Hata hivyo lasema umbo la kitu na kazi yake, na halichanganyiki na mlango wowote.

Ama ile amri ya maneno matatu, yaweza kubadilishwa bila ya kupanua nafasi yake ya rangi: Sukuma mpaka ushike. Haimwambii mtu abamize, wala haimwambii abembeleze. Yamwambia kazi inapokwisha, na mwenye gari hapotezi bawaba zake. Ila fundi rangi aangalie anachora upande gani. Maneno hayo ni ya nje ya mlango. Kwa ndani abiria hasukumi, na akisukuma ataanguka. Huko iandikwe: Vuta mpaka ushike.