Watumishi wa Maji Taka, Jebel Ali

Msafiri apitaye Dubai akastaajabia bustani zilizositawi jangwani ni nadra kutafakari kwamba maji yanayozinywesha yalikwisha kupita vyooni na jikoni mwa mji, kisha yakasafishwa Jebel Ali, katika mitambo ya baladia yenye uwezo wa kupokea mita za ujazo 675,000 kwa siku. Huko, katika joto na uvundo, mafundi huzibua machujio yaliyozibwa na matambara, huvipa hewa vijidudu vinavyokula uchafu. Nao wataalamu wa maabara hufunga sampuli chupani, wakaiweka gizani siku 5 kwa nyuzi 20, wapime oksijeni iliyoliwa, kwani maji yaliyosafishwa nusunusu huwanyima samaki pumzi. Afya ya halaiki ni amana mikononi mwao, nao huitunza pasi na kuulizwa hali.